Mkunguru, mbu na mlima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu malaria katika historia

Nimekulia Muheza, wilaya ya Tanga ambayo watafiti wa malaria wameijia kwa miaka mingi kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa tele huko. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi, mengine na wanafunzi, mengine na ndugu walioko ughaibuni ambao wanataka kujua kama wakija likizo watapona. Majibu hayalingani urefu. Panapo mengi ya kusema nimekaa, pasipo na mengi nimepita.

Mkunguru ni nini, na unahusiana vipi na malaria?

Watu wa pwani walikuwa na jina la homa inayompata mtu akihamia mahali pageni: mkunguru. Mtu wa bara akishuka pwani, akalala siku tatu anatetemeka chini ya mablanketi mawili, wenyeji hawakushtuka. Mkunguru huo, utapita akishazoea.

Ndani ya neno hilo mna elimu ambayo maabara ilikuja kuieleza baadaye sana. Mtu anayeumwa na mbu wenye vimelea mwaka baada ya mwaka hujijengea kinga ya kiasi. Vimelea vinaweza kuwamo katika damu yake na bado akaamka kwenda shamba. Kinga hiyo si kamili, na bei yake ni kubwa: hujengwa utotoni, na katika vijiji vyenye malaria nyingi watoto wengi walikufa kabla hawajaipata. Tena haidumu. Ukikaa miaka kadhaa mahali pasipo malaria inafifia, na ukirudi unakuwa mgeni nyumbani kwenu.

Si kila mkunguru ulikuwa malaria. Maji mapya na homa nyingine zilichangia. Lakini katika ukanda wetu sehemu kubwa ilikuwa malaria bila shaka. Wazo hili nitalirudia mara nyingi, maana historia ya ugonjwa huu kwa kiasi kikubwa ni habari ya nani mgeni na nani mwenyeji wa mbu wa mahali.

Neno "malaria" lenyewe limetoka wapi?

Kiitaliano: *mala aria*, hewa mbaya. Waitaliano waliamini homa inatokana na mvuke wa mabwawa. Walikosea kuhusu hewa, lakini kuhusu mabwawa hawakukosea.

Ugonjwa huu ni wa zamani kiasi gani?

Ni wa zamani kuliko maandishi. Kimelea kinachoua zaidi, plasmodiamu falsiparamu, asili yake ni Afrika. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kilitoka kwa sokwe wakubwa aina ya gorila wa Afrika ya Kati kikaingia kwa binadamu. Mwaka huohuo watafiti walitangaza kuwa wamekuta chembe za vinasaba vya kimelea hicho katika maiti iliyokaushwa ya Tutankhamun, mfalme wa Misri aliyekufa kijana zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Warumi walikuwa na mungu wa kike wa homa, Febris, wakimjengea mahekalu ili asiwaguse.

Kilimo kilimsaidia mbu. Ukikata msitu, jua linafika chini, na dimbwi dogo lenye jua ndilo kitanda anachopenda mbu aina ya anofelesi gambiae kutagia mayai. Watu wakikaa pamoja kando ya shamba lao, mbu hana haja ya kusafiri.

Kwa nini Wasambaa, Wapare na Wachaga walikaa milimani wakati tambarare ina ardhi kubwa?

Sababu zilikuwa nyingi. Mvua milimani ni ya uhakika, migomba inastawi, na tambarare palikuwa na hatari ya kuvamiwa na washambuliaji na wateka watumwa. Lakini homa ilikuwa mojawapo ya sababu kubwa, na watu waliijua vizuri.

Ushahidi ninaoupenda unatoka kwa Robert Koch, daktari Mjerumani mashuhuri aliyefika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1897. Kule Usambara aliambiwa na wenyeji kwamba wakiteremka tambarare hupata homa, na homa hiyo waliiita *mbu*. Akauliza kwa nini ugonjwa una jina la mdudu. Wakamjibu kwamba huko chini kuna mbu, wanauma, na wakiuma mtu anaugua. Koch aliyaandika hayo. Mwaka huohuo, ng'ambo ya bahari kule India, daktari wa jeshi la Uingereza alikuwa anapasua matumbo ya mbu chini ya hadubini kutafuta jambo hilohilo.

Fizikia yake ni rahisi. Kimelea kinahitaji joto ili kikomae tumboni mwa mbu. Joto likikaa chini ya nyuzi 18 hivi, ukuaji unakuwa wa polepole kiasi kwamba mbu anakufa kabla hajawa tayari kuambukiza. Vipimo vilivyofanywa katika vijiji vya Usambara, kuanzia chini tambarare hadi juu kwenye uwanda wa mlima, vilionyesha kuwa maambukizi yanapungua zaidi ya mara elfu moja. Ni mwendo wa siku moja tu kwa miguu. Kwa hiyo mkulima aliyeteremka asubuhi kupalilia mahindi akapanda kwake kabla ya magharibi alikuwa anafuata kanuni ya afya ambayo hakuna daktari aliyemfundisha, kwa sababu mbu wa malaria huuma hasa usiku.

Upande wa pili wa habari hii ni mchungu. Watu wa milimani hawana kinga. Malaria ikipanda mlima, mwaka wa joto na mvua nyingi, inawakuta wote wageni, wakubwa kwa wadogo. Mashamba ya chai ya Kericho yalipigwa na milipuko miaka ya 1940. Kabale, Uganda, iliona yake miaka ya 1990. Burundi ndiyo iliyoumia kuliko zote: kati ya mwishoni mwa 2000 na mwanzoni mwa 2001 walirekodiwa wagonjwa wapatao milioni 3, katika nchi ambayo wakati huo haikufika watu milioni 7, tena ikiwa vitani.

Basi nani aligundua kwamba ni mbu?

Ukiuliza vitabu: Alphonse Laveran, Mfaransa, alikiona kimelea katika damu ya askari mgonjwa huko Constantine, Algeria, mwaka 1880. Ronald Ross, yule daktari wa India niliyemtaja, alikiona tumboni mwa mbu tarehe 20 Agosti 1897 mjini Secunderabad. Waitaliano, Giovanni Battista Grassi na wenzake, walithibitisha mwaka 1898 kwamba mbu anayempa binadamu malaria ni anofelesi. Ross alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1902 na Laveran mwaka 1907. Grassi hakupata, na ugomvi wake na Ross ulikuwa mkali hadi mwisho.

Ukiniuliza mimi, Wasambaa wawekwe mahali fulani kwenye orodha hiyo. Hawakuwa na hadubini, lakini jibu walikuwa nalo.

Ni kweli malaria ndiyo iliyowachelewesha Wazungu kuitawala Afrika?

Kwa kiasi kikubwa, ndiyo, ikisaidiana na homa ya manjano upande wa magharibi. Wareno na wengine walijenga ngome pwani kwa karne nyingi, lakini kuingia bara ilikuwa kama kujiandikia hukumu. Mwaka 1841 Waingereza walipeleka meli tatu mto Niger, na karibu theluthi moja ya Wazungu waliokuwemo walikufa, wengi wao kwa homa. Mwaka 1854 meli nyingine, Pleiad, ilipanda mto uleule chini ya daktari William Baikie aliyewapa watu wake kwinini kila siku kabla hawajaugua. Walirudi wote hai. Miaka kumi na mitatu tu iko kati ya safari hizo mbili.

Upande wetu, kaburi la kutazama liko Mombasa. Johann Ludwig Krapf, mmishonari Mjerumani, alifika hapo mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosine. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe aliugua akapona, akabaki, na sarufi ya Kiswahili aliyoitoa mwaka 1850 pamoja na kamusi iliyochapwa mwaka 1882, baada ya kifo chake, bado zinatajwa na kila anayesoma historia ya lugha hii. Livingstone naye alimzika mkewe Mary huko Shupanga, kando ya Zambezi, Aprili 1862.

Kwinini hutoka kwenye magome ya mti wa sinkona wa milima ya Andes. Wajesuiti waliyapeleka Ulaya karne ya 17, na mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walitenga dawa yenyewe. Waholanzi walipanda miti hiyo Java, na kufikia karne ya 20 kisiwa hicho kilikuwa kinatoa karibu kwinini yote ya dunia. Watu husema bunduki ndiyo iliyoiteka Afrika. Bila kile kidonge kichungu, aliyeishika bunduki asingefika mbali.

Malaria ilikuwa na nafasi gani katika Vita vya Kwanza vya Dunia hapa Afrika Mashariki?

Iliua na kulaza watu wengi kuliko risasi, yenyewe pamoja na kuhara damu na nimonia.

Mwaka 1916 jeshi la upande wa Waingereza chini ya Jenerali Smuts, lenye maelfu ya askari Wazungu kutoka Afrika Kusini, liliingia kutoka Kenya, likaiteka Moshi mwezi Machi, kisha likafuata bonde la mto Ruvu, yaani Pangani, kuelekea kusini wakati wa mvua. Njia hiyo inapita chini ya milima ya Upare na Usambara, palepale ambapo wenyeji walikataa kulala. Walikuwa wageni wasio na kinga, na vyakula na dawa vilikwama njiani kwenye matope. Kikosi kimoja, cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliobaki wazima wa kuweza kupigana walikuwa 116, na mapigano yenyewe walikuwa wameyaona machache. Mwishoni mwa mwaka Wazungu wengi walirudishwa makwao, wakaletwa askari Waafrika zaidi.

Wajerumani nao walizungukwa na meli za Waingereza, kwinini haikuingia. Hapo ndipo Amani ilipookoa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Amani ni mlima ulio juu ya Muheza yetu, ambako Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 na kupanda miti ya kila aina, sinkona ikiwemo. Wakati wa vita walichemsha magome wakatengeneza kwinini yao. Iliyokuwa ya maji ilikuwa chungu kiasi kwamba askari waliipachika jina la pombe ya Lettow. Ukitembelea bustani ya Amani leo, sinkona bado ipo.

Waliobeba mzigo kwelikweli walikuwa wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake, vifo vilivyoandikwa vinazidi 95,000, wengi kwa maradhi. Walikuwa Waafrika, na wakuu wa jeshi walidhani Mwafrika hapati malaria. Ndipo kosa lilipokuwa. Kijana wa milimani au wa nyanda za baridi alikuwa mgeni wa mbu wa Rufiji sawasawa na kijana wa Johannesburg, naye alipewa posho ndogo, blanketi moja na kwinini kidogo au bila. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Tunanunua vitenge na dagaa juu ya jina la watu waliokufa kwa homa.

Na reli ya Uganda?

Ilianza Mombasa mwaka 1896 ikafika Kisumu mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 walikufa. Kila mtu anawajua simba wa Tsavo wa mwaka 1898. Hesabu ya reli inawapa simba hao vibarua 28. Malaria, kuhara na maradhi mengine hayakupigwa picha.

Je, ni kweli miji yetu iligawanywa kwa kisingizio cha malaria?

Neno "kisingizio" ni la muulizaji, ila sitalibishia sana.

Ross alikwenda Sierra Leone mwaka 1899, na mwaka 1900 watafiti wengine Waingereza, Stephens na Christophers, walieleza kwamba watoto wa Kiafrika wana vimelea vingi katika damu bila kuonekana wagonjwa. Kulikuwa na njia mbili za kuitumia habari hiyo. Moja ilikuwa kuwatibu watoto na kukausha mazalia ya mbu. Ya pili ilikuwa Mzungu ahamie mbali nao. Serikali za kikoloni ziliipenda ya pili. Freetown walijenga mtaa wa Wazungu juu ya kilima, ukafunguliwa mwaka 1904 pamoja na reli yake. Afrika Mashariki alikuja Profesa William Simpson, mtaalamu wa afya, kabla tu ya vita, akapendekeza miji igawanywe kwa rangi, na kati ya mtaa na mtaa uachwe uwanja mtupu ambao mbu asingeuvuka kwa urahisi.

Dar es Salaam ukiitazama kwenye ramani mgawanyo unauona mpaka leo: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini katikati, Kariakoo kwa Waswahili, na kati ya Uhindini na Kariakoo uwanja mrefu wa Mnazi Mmoja. Uwanja huo tunaokwenda kusikiliza mikutano na kupumzika uliachwa wazi kwa hoja ya afya. Mbu lakini anaruka kilomita moja na zaidi, tena watumishi, yaya na wapishi walikuwa wanalala nyuma ya nyumba za Wazungu walewale. Kwa afya faida ilikuwa haba. Kwa kutenga watu uwanja ulifanya kazi yake vizuri sana.

Selimundu inahusiana vipi na malaria?

Hapa malaria imeandika historia yake ndani ya damu. Mtoto akirithi kinasaba cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa mzazi mmoja tu, haumwi selimundu, na anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali. Akirithi kwa wazazi wote wawili anaugua, na zamani wengi wa namna hiyo hawakufika utu uzima. Kwa hiyo mahali penye malaria nyingi kinasaba hicho kiliendelea kuwepo kizazi hadi kizazi, kikiokoa wengi na kuua baadhi.

Aliyeunganisha mambo hayo mawili alikuwa Anthony Allison, aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa makabila mbalimbali akaona kinasaba kimejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na nyanda za juu kiko kidogo. Ramani ya damu ilifanana na ramani ya mbu. Alichapisha ushahidi wake mwaka 1954. Tanzania hadi leo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu duniani. Kwa hiyo mzazi anapompeleka mtoto kliniki ya selimundu Muhimbili, analipa deni ambalo mababu zake walilikopa kwa mbu.

Ilivukaje bahari kwenda Amerika?

Katika damu ya watu, hasa kwenye meli za watumwa kutoka Afrika, na kwenye meli za walowezi Wazungu waliokuwa na aina nyingine ya malaria, vivaksi. Mbu wa kuisambaza walikuwepo tayari. Katika mashamba ya mpunga na miwa Waafrika waliotoka nchi za malaria walihimili homa kuliko vibarua wa Kizungu, na wenye mashamba wakaligeuza hilo kuwa hoja ya kuendelea kuwanunua. Kinga iliyopatikana kwa vifo vya watoto huku, kule ikawa bei ya mtu sokoni.

Kwa nini Ulaya na Marekani hakuna malaria tena?

Ilikuwepo, tena sana. Italia mwaka 1900 ilitunga sheria ya kuuza kwinini ya serikali kwa bei nafuu, miaka ya 1930 ikakausha mabwawa ya Pontino kusini mwa Roma, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Wajerumani likayajaza tena maji kwa makusudi. Nchi ilithibitishwa kuwa huru na malaria mwaka 1970. Marekani ilikuwa na malaria katika majimbo ya kusini, na taasisi yake kubwa ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilianzishwa Atlanta mwaka 1946 kutokana na ofisi ya kupambana na malaria ya wakati wa vita. Ndiyo maana makao yake hayako Washington. Kufikia 1951 ugonjwa ulikuwa umekwisha huko.

DDT, dawa ya kuua wadudu, ilisaidia, lakini kazi nyingi ilikuwa imeshafanywa na mitaro, nyumba bora, wavu madirishani na hospitali za karibu. Wana faida nyingine pia: baridi yao, na mbu wao ambao wengi hupenda ng'ombe zaidi ya watu. Anofelesi gambiae wetu anapenda binadamu, tena ndani ya nyumba.

Vipi Oman?

Ndugu wenye jamaa Maskati huuliza hili. Mwaka 1990 Oman ilikuwa na wagonjwa zaidi ya 30,000. Mwaka 1991 ilianza mpango wa kuitokomeza, na mwaka 2004 hakukuwa na mgonjwa hata mmoja aliyeambukizwa ndani ya nchi. Tangu hapo vimelea huingia kwa wasafiri, na mara chache maambukizi madogo yamezuka yakazimwa. Kazi sasa ni kuwapima wanaofika.

Zanzibar ilishakaribia kuimaliza. Kwa nini ilirudi?

Kwa sababu waliacha. Jibu hilo ni fupi mno, ngoja nilifafanue.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 1955 mpango wa kutokomeza malaria duniani, silaha kuu ikiwa kupulizia DDT ukutani. Afrika kusini mwa Sahara iliachwa nje kwa sehemu kubwa, kwa maelezo kwamba kazi ingekuwa ngumu mno, ila kulikuwa na majaribio. Mmoja ulikuwa mradi wa Upare na Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanganyika, uliopulizia dawa ya dieldrini kati ya 1955 na 1959. Vifo vya watoto wachanga vilipungua. Mwingine ulikuwa Zanzibar, kuanzia 1958. Nyumba za Unguja na Pemba zilipuliziwa, na kufikia 1968 watoto waliokutwa na vimelea walikuwa wachache sana.

Mwaka huo mpango ulisimamishwa. Mwaka uliofuata, 1969, Shirika la Afya Duniani lenyewe liliachana na lengo la kutokomeza kote duniani. Mbu wa Zanzibar hawakuwa wameondoka, na meli na madau ya kutoka bara yaliendelea kuleta vimelea. Miaka michache tu malaria ilikuwa imerudi, ikikuta watoto ambao hawakuwahi kuugua na hawakuwa na kinga. Mkunguru kwa watu waliozaliwa palepale!

Sri Lanka ilipata somo hilohilo wakati uleule: wagonjwa chini ya 20 nchi nzima mwaka 1963, na zaidi ya nusu milioni miaka ya 1968 na 1969. Wao walianza upya, wakathibitishwa kuwa huru mwaka 2016. Zanzibar nayo ilianza upya mwaka 2003 kwa dawa ya mseto, ikafuatia vyandarua na upuliziaji, na tangu karibu 2008 kiwango cha maambukizi kimekuwa chini ya asilimia moja. Safari hii hakuna anayezungumza kwa sauti kubwa kuhusu kusimamisha.

Klorokwini ilikwenda wapi?

Aliyekulia miaka ya 1980 ataikumbuka: uchungu wake, na kuwashwa mwili mzima usiku kucha hadi mtu anaomba apigwe na kitana mgongoni. Watoto walificha vidonge chini ya ulimi wakavitema nyuma ya nyumba. Lakini ilikuwa rahisi, ilipatikana kila duka, na iliokoa mamilioni.

Usugu wa vimelea dhidi yake ulionekana mwishoni mwa miaka ya 1950 mpakani mwa Thailand na Kambodia na huko Kolombia, ukafika Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa miaka zaidi ya ishirini tuliendelea kuitumia dawa inayozidi kushindwa. Kenya ilibadili mwaka 1998, Tanzania bara 2001, kwenda SP (salfadoksini na pirimethamini), ambayo nayo haikukaa sana. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa ya mseto, ALu, yenye kiini kiitwacho artemisinini kinachotoka kwenye mmea wa artemisia, jamaa ya pakanga tunayoijua. Kiini hicho kiligunduliwa China miaka ya 1970 na timu ya Tu Youyou, katika mradi wa siri uliozaliwa mwaka 1967 kwa ajili ya wanajeshi wa Vietnam Kaskazini, naye akapata Nobeli mwaka 2015. Jambo la ajabu ni Malawi: waliiacha klorokwini mwaka 1993, na baada ya miaka kumi na kitu vimelea vyao vikawa vinauawa nayo tena.

Sasa dalili za usugu dhidi ya artemisinini zimethibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania, mkoani Kagera. Ukipewa mseto, maliza dozi.

Degedege ni malaria au ni shetani?

Kwa miaka mingi mama aliyeona mtoto anakakamaa na macho yanageuka aliambiwa ni degedege, ndege wa kishetani, na kwamba akichomwa sindano atakufa. Kwa hiyo alianza kwa mganga. Mara nyingi ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Sipendi kuwacheka kina mama hao. Hospitali ilikuwa mbali, na mtoto aliyefikishwa kwa kuchelewa alikufa kweli baada ya sindano, kwa hiyo imani ilipata ushahidi wake kila mwaka. Kilichobadilisha mambo ni kupatikana kwa vipimo vya haraka na dawa karibu na nyumbani, zaidi ya mahubiri.

Vyandarua vilianza lini?

Chandarua ni cha kale. Chenye dawa ndicho kipya. Bonde la Kilombero lilikuwa na mradi kati ya 1997 na 2000 uliouza vyandarua kwa jina la Zuia Mbu, na kuanzia 2004 wajawazito nchini walipewa Hati Punguzo. Wakenya husema neti. Na ndiyo, wengine huvulia samaki au kufunika bustani, hasa vikizeeka.

Na chanjo?

Ya kwanza, RTS,S, ilijaribiwa kwa watoto wa nchi saba za Afrika, wakiwemo wa Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Kenya, Ghana na Malawi zilianza kuitoa kwa majaribio mwaka 2019, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza Oktoba 2021. Ya pili, R21, ilipendekezwa Oktoba 2023. Ni dozi nne, na hazifuti haja ya chandarua.

Hali ikoje sasa?

Mwaka 2023 makadirio yalikuwa wagonjwa milioni 263 na vifo 597,000 duniani, asilimia 95 ya vifo ikiwa Afrika. Robo tatu hivi ya waliokufa Afrika walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Cabo Verde na Misri zilithibitishwa kuwa huru mwaka 2024.

Nimekaa Ulaya miaka kumi na miwili, nakuja likizo Tanga. Si mimi mwenyeji, ninahitaji dawa za kinga?

Unazihitaji. Kinga yako ya utotoni imefifia, na watoto wako waliozaliwa huko hawakuwahi kuwa nayo. Muone daktari wiki kadhaa kabla ya safari, maana baadhi ya dawa huanzwa mapema na huendelea baada ya kurudi. Usiku lala ndani ya chandarua hata kama binamu zako wanakucheka. Na ukirudi Ulaya ukapata homa ndani ya miezi mitatu, usimwambie daktari wa huko kwamba ni mafua tu: mwambie ulikotoka, na umwombe akupime malaria siku hiyohiyo.